Kona ya Fundi: Paketi Zinakwama Mlangoni

Wadau habari za tangu mwezi uliopita. Ujumbe umejaa kwenye simu mpaka nimechoka kusoma, na ajabu ni kwamba wengi safari hii mnalia kitu kimoja, mashine inapokea fresh ila kutuma ndo balaa. Nimechukua maswali manne. Mawili nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana nyama, mengine nimepita juujuu, msininunie.

"Mwangaluka fundi. Nasambaza intaneti kwenye hosteli za wanafunzi huku Nyegezi. Ruta yangu ni kompyuta ya zamani nimeipiga Linux, ina kadi mbili za Intel za giga 1. Laini kutoka kwa mtoa huduma ni megabiti 20 kupanda na 20 kushuka, inaingia kwa redio iliyo juu ya paa. Nikaweka htb, kile kibanio cha kasi cha Linux, ibane kwenye 20 ili niweze kugawa. Sasa nilikuwa nikiangalia tc -s qdisc (takwimu za foleni ya kutuma) naona dropped, yaani paketi (vipande vya data) zilizotupwa, inapanda tu, nikasoma sehemu kwamba dawa ni kuongeza txqueuelen, ule urefu wa foleni kwa idadi ya paketi, nikaitoa 1000 nikaipeleka 10000, na ring ya kadi (foleni ya kadi yenyewe) nikaipandisha mpaka mwisho, 4096. Kweli dropped zikaisha kabisa. Ila ikifika saa mbili usiku vijana wakaanza kupandisha video zao, mtu akipiga simu ya WhatsApp anasema halo anajibiwa baada ya sekunde tano, ping inasoma milisekunde 5000 na kitu. Wateja wananiita mwizi. Nimekosea wapi?" Mdau wa Nyegezi

Mhola tu mdau. Kwanza nikutoe wasiwasi, hilo kosa nami nimelifanya, tena kwa kulipwa. Kuna ofisi moja hapa mjini walinipa kazi ya ruta yao, nikakuza bafa (nafasi za paketi kusubiri) kila sehemu, dropped ikawa sifuri, nikaondoka kifua mbele. Kesho yake mhasibu wao ananipigia, ananiambia fundi, nikibonyeza ukurasa wa benki naenda kuchemsha chai, narudi, naonja, ndo unafunguka. Nikarudi na aibu yangu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Paketi kubwa ya kawaida ni baiti 1500, yaani biti 12,000. Foleni yako ya paketi 10,000 ikijaa ina biti milioni 120 ndani. Mlango wako unatoa milioni 20 kwa sekunde. 120 gawa kwa 20 ni sita. Kwa hiyo paketi ya sauti ya yule binti anayeongea na mama yake Magu ikifika mwisho wa foleni inakaa sekunde sita kabla haijatoka nje ya nyumba yako, hata paa haijavuka! Hiyo 5000 ya ping unayoiona ndo hesabu hiyohiyo, foleni haikuwa imejaa kabisa tu. Hata ile 1000 ya mwanzo kwa laini yako ni zaidi ya nusu sekunde, kwa hiyo usiseme zamani ilikuwa nzuri.

Kama ulikuwa unavuka Kigongo kwenda Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025 utanielewa haraka. Pale magari yakizidi, hata wangepanua uwanja wa kusubiria mpaka Usagara, kivuko kinabeba kilekile. Ulichofanya wewe ni kupanua uwanja. Magari hayarudishwi tena, kweli, ila yanalala pale.

Na dropped ulizokuwa unazikimbia zilikuwa na kazi. TCP, kanuni inayosimamia mwendo wa data nyingi mtandaoni, haina njia nyingi za kujua njia imejaa, paketi ikidondoka inapunguza mwendo, isipodondoka inaendelea kusukuma tu, inasukuma, inasukuma, mpaka ijaze hizo elfu kumi zako. Jim Gettys ndo aliyelipigia kelele sana jambo hili kuanzia mwaka 2010 mpaka likapata jina lake, bafa kuvimba (bufferbloat). Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, kanuni ya kusimamia foleni ambayo mimi naipenda kwa sababu haijali foleni ina paketi ngapi, inaangalia paketi imekaa muda gani. Ikiona zinakaa zaidi ya milisekunde 5 na hali hiyo inaendelea kwa milisekunde 100, inaanza kudondosha moja moja mpaka wanaosukuma waelewe. Mwaka huohuo Eric Dumazet akaichanganya na ugawaji wa foleni ikawa fq_codel kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.5, ambapo simu ya binti inapata foleni yake ndogo pembeni na haikai nyuma ya malori ya video.

Sasa usikimbilie kuandika fq_codel ukadhani umemaliza. Hapa ndo mafundi wengi tunapopigwa. Foleni inajaa pale penye mlango mwembamba tu. Kadi yako ni giga 1, redio ya juu ya paa inatoa megabiti 20. Ukitoa ile htb ukaweka fq_codel peke yake kwenye kadi, kadi inamwaga kila kitu kwa redio fasta, kwako foleni haipo, fq_codel inakaa inapiga miayo, na foleni yenyewe imehamia ndani ya redio ambako huna mamlaka. Dawa ni kuufanya mlango wako wewe uwe mwembamba kidogo kuliko wa redio ili foleni ibaki kwako. Kwa hiyo ulipobana kwa htb ulikuwa na akili, ulikosea kubana kwenye 20 kamili na kuiachia foleni ya chini yake irithi txqueuelen.

Kama kerneli yako ni 4.19 kwenda juu futa hiyo htb, tumia cake, ambayo inabana kasi na kugawa foleni kwa pamoja. Tuseme eth1 ndo inaangalia redio na eth0 inaangalia hosteli:

tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 18mbit nat

tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 18mbit

Ile ya kwanza ni ya kupandisha, ya pili ni ya kushusha, maana kerneli ina nguvu kwenye foleni ya kutoka tu, na wateja wanaposhusha kitu, kwako wewe hicho kinatoka kwa eth0. Neno nat usilisahau, bila hilo cake upande wa nje inaona wateja wako wote ni mtu mmoja. Ukiliweka inagawa kwa kila kompyuta, kwa hiyo yule kijana wa torenti akifungua miunganiko mia mbili bado anapata fungu la mtu mmoja. Nadhani hata kugawa kwako kwa mkono hutakuhitaji tena.

Halafu rudisha ring ya kadi ilipokuwa. Ile ring ni foleni nyingine iliyo chini ya qdisc (foleni ya kerneli), paketi ikishaingia humo cake haiwezi tena kuipanga wala kuitoa. Kuanzia kerneli 3.3 kuna kitu kinaitwa BQL, kazi ya Tom Herbert, kinahesabu baiti zilizoko ndani ya ring na kuzuia zisizidi zile zinazotosha kuifanya kadi isikae bure. Draiva yako ya Intel inakijua. Kachungulie /sys/class/net/eth1/queues/tx-0/byte_queue_limits, faili la inflight linakuonyesha zilizoko ndani sasa hivi.

Jambo dogo la mwisho, kerneli inapenda kufunga paketi nyingi za mtu mmoja kuwa furushi moja la hadi kilobaiti 64 ili ihangaike nalo mara moja. Kwenye giga ni raha, ila kwa laini ya 20 furushi moja la hivyo linakaa mlangoni milisekunde 26, na sauti ya simu inasubiri nyuma yake. Cake inayafungua yenyewe, usiguse kitu. Dropped zitarudi usiku, ziache zirudi, wewe angalia ping.

"Shikamoo kaka fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, niko Malimbe. Kwenye mradi wangu naandika programu ya C inayotuma paketi ndogo za UDP, nyingi iwezekanavyo, kutoka mashine moja kwenda nyingine. Tumeazima kadi mbili za giga 10. Natumia sendto, amri ya kutuma paketi moja, kwenye lupu, na napata paketi kama laki 8 kwa sekunde, nikipiga hesabu naona ni kama nusu giga tu. Nimeongeza thredi mpaka nane zinatumia soketi (mlango wa programu kwenda mtandaoni) moja, ikapanda kidogo ikagoma, na prosesa zote zinasoma asilimia 100. Kadi ni feki? Rafiki yangu ananiambia Linux ndo nzito." Wa Malimbe

Marahaba mdogo wangu. Kadi haina kosa, na rafiki yako yuko nusu sahihi.

Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64, ila kwenye waya inakula 84 ukihesabu ile nafasi kati ya fremu na utangulizi wake. Giga 10 ukizigawa hapo unapata paketi milioni 14.88 kwa sekunde, maana yake kila paketi ina nanosekunde 67 tu za kuishi, kwa prosesa ya gigahezi 3 hiyo ni mizunguko kama 200. Ndani ya mizunguko 200 uite kerneli, utengeneze sk_buff (kifungashio cha paketi ndani ya kerneli), utafute njia, ushike kufuli la qdisc, uandike kwenye ring, uiamshe kadi. Haiwezekani, na wewe laki 8 zako ni kama mizunguko 3,750 kwa paketi.

Ila geuza upande wa pili. Paketi ya baiti 1500 kwenye waya ni 1538, na giga 10 ikijaa paketi za hivyo ni kama laki 8 na elfu 12 kwa sekunde. Umeona? Hizo laki 8 zako zingekuwa kubwa ungekuwa umeujaza waya wote! Kerneli inachoka kwa idadi ya paketi, ukubwa wake inausikia kidogo sana. Ndo maana kila ujanja uliofanyika humo ndani kwa miaka mingi ni wa namna moja, gharama ya mara moja igawanywe kwa paketi nyingi.

Ujanja ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kengele. Draiva ikishaandika paketi kwenye ring, lazima iiambie kadi "njoo uchukue", na inafanya hivyo kwa kuandika namba kwenye rejista ya kadi kupitia PCI Express. Huko ni mbali ukilinganisha na kuandika kwenye memori ya kawaida, na zamani ilifanyika kwa kila paketi. Fikiria daladala ya Buhongwa kwenda Igoma, konda anapakia abiria mmoja anagonga bati, dereva anaondoa gari, mita mbili anasimama, abiria mwingine, bati tena. Mngefika Igoma kesho kutwa.

Kerneli 3.18 iliyotoka Desemba 2014 ndo ilirekebisha hilo. David Miller, aliyekuwa anasimamia upande wa netiweki wakati huo, alileta alama inayoitwa xmit_more, na Jesper Dangaard Brouer na wenzake wakaifanya qdisc itoe paketi kadhaa kwa kushika kufuli mara moja. Sasa qdisc ikiikabidhi draiva paketi inaiambia "kuna mwingine nyuma", draiva inaandika kwenye ring inakaa kimya, paketi ya mwisho ndo inagongewa bati.

Na hapa nataka uangalie vizuri kwa sababu ndo penye akili yenyewe. Hakuna aliyesema gari lisubiri lijae. Gari la kusubiri lijae sote tunalijua, unakaa pale stendi ya Nyegezi jua linakuchoma konda anakwambia bado wawili. Kerneli haifanyi hivyo. Inabeba waliokwisha fika kituoni, kama yuko mmoja anaondoka peke yake sekunde ileile, kama wako ishirini wanaondoka pamoja kwa bati moja. Foleni ikiwa tupu huongezewi ucheleweshaji hata kidogo, foleni ikianza kujengeka gharama inashuka yenyewe. Na wangapi wabebwe kwa mkupuo, kipimo kinatoka kwa ileile BQL niliyomwambia mdau wa Nyegezi.

Sasa kwako. Programu yako inafanya uleule ukonda wa zamani, ila ngazi ya juu zaidi, kila sendto moja ni safari nzima ya kuingia kerneli na kutoka, na safari hizo zilipanda bei kwenye prosesa nyingi baada ya viraka vya kuziba mianya ya usalama ya Meltdown na Spectre mwaka 2018. Anza na sendmmsg, ipo tangu kerneli 3.0, unakusanya kama paketi 64 kwenye safu unaingia mara moja. Kama paketi zako zinaenda sehemu moja na zina ukubwa sawa, kuna kitu kitamu zaidi tangu 4.18, unaweka UDP_SEGMENT kwenye soketi, unampa kerneli bafa moja kubwa na ukubwa wa kila kipande, linashuka kama furushi moja mpaka karibu na kadi ndo linakatwa. Njia inatafutwa mara moja, kufuli linashikwa mara moja. Pia piga connect kwenye soketi hata kama ni UDP, kerneli itakumbuka njia badala ya kuitafuta upya kila paketi.

Kuhusu thredi nane kwenye soketi moja, hapana. Fungua terminali nyingine andika perf top wakati programu inakimbia. Ukiona juu kabisa kuna mstari native_queued_spin_lock_slowpath una asilimia thelathini, arobaini, ujue hizo prosesa zako hazitumi kitu, zimesimama mlangoni zinagombania ufunguo, ndo hiyo asilimia 100 unayoiona. Kila thredi ipe soketi yake na uifunge kwenye kori yake, yaani kiini chake cha prosesa, kwa taskset. Halafu kadi za giga 10 huwa zina foleni nyingi za kutuma, angalia kwa ethtool -l, na uhakikishe kila kori ina foleni yake kupitia XPS, mpangilio wa kori na foleni za kutuma, mafaili yapo kwenye /sys/class/net/eth0/queues/tx-0/xps_cpus na wenzake. Draiva nyingi zinajipanga zenyewe mashine inapowaka, ila nimeshakuta imeandikwa sifuri tupu, kwa hiyo soma kabla hujaamini.

Kitu kingine, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba Linux ni nzito, pima kwa pktgen. Ni moduli ya kerneli yenyewe inayotuma paketi bila kupitia soketi wala programu yako, weka burst 1 upime, weka burst 32 upime. Tofauti ya hizo namba mbili ndo bei ya bati, utaiona kwa macho yako, na mwalimu wako atafurahi kuliko kumletea maneno. Na kama kwenye hiyo mashine umewasha iptables (ukuta wa moto) yenye conntrack (daftari la miunganiko), izime wakati wa kupima, inakula kwa kila paketi na haina kazi hapo.

"Fundi, nimesikia watu wakubwa wanaiacha kerneli pembeni kabisa wanatumia DPDK. Kwa ruta yangu ya giga 1 hapa Kirumba niende huko?" Kijana wa Mwaloni

Hapana mkuu. DPDK inaipa programu kadi moja kwa moja bila kupitia kerneli, na inachukua kori nzima iizungukie kadi muda wote, paketi ziwepo zisiwepo, kori inasoma asilimia 100 na umeme unalipa. Kadi ikishahamia huko tcpdump yako haioni kitu, iptables haioni kitu, ip addr haioni kitu, unaanza kuandika kila kitu upya. Giga 1 ya paketi za kawaida ni kama elfu 81 kwa sekunde, kerneli inazibeba huku inapiga mluzi. Ukizidiwa sana siku moja kaangalie kwanza XDP, iliingia kwenye 4.8 mwaka 2016, inashika paketi zinapoingia tu kwenye draiva na kuzitoa kwa kadi nyingine bila hata kutengeneza sk_buff, na huhami nyumba.

"Habari kaka, nipo Nansio, Ukerewe. Kila usiku napandisha nakala za duka langu kwenye seva iliyoko Ujerumani. Laini ni megabiti 10, ila inakwenda moja na nusu tu, na redio huwa inadondosha paketi kidogo hasa upepo wa ziwa ukianza. Nimebadili kadi ya netiweki, hali ni ileile." Dada wa duka

Pole dada, hela ya kadi ndo imekwenda hivyo. Kadi yako ilikuwa nzima. Linux kwa kawaida inatuma kwa CUBIC, kanuni ya TCP ya kupanga mwendo, na CUBIC ikiona paketi imepotea inaamini njia imejaa, inakata mwendo kama asilimia 30. Kwako zinapotea kwa upepo wala njia haijajaa, na kwa kuwa Ujerumani ni mbali, kila ikikata inachukua muda mrefu kupanda tena, kabla haijafika juu upepo unavuma tena. Jaribu BBR ya Google, iko ndani tangu kerneli 4.9 ya mwaka 2016, yenyewe inapima kasi ya njia na muda wa kwenda na kurudi, haishtuki kwa kila paketi inayodondoka. Andika modprobe tcp_bbr, kisha sysctl -w net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr, na uwashe kazi ya kupandisha upya maana miunganiko iliyokwisha funguka inabaki na ya zamani. Lazima iwe kwenye mashine inayotuma, yaani hiyo ya dukani, kuibadili kule Ujerumani hakukusaidii kwa kupandisha. Na kama laini hiyo mnatumia na majirani iwashe usiku tu, BBR ile ya kwanza ina ulafi, wenzako wanaweza kuanza kukugongea mlango.

Mdau wa Nyegezi, ukishaweka cake nitumie picha ya tc -s qdisc ya saa mbili usiku, sio ya asubuhi.